Mzaha Mzaha Hutumbuka Usaha: Taswira ya Myahudi katika Majarida ya Vichekesho ya Ulaya (1918–1939) na Mabaki Yake katika Kiswahili cha Maziwa Makuu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza taswira ya Myahudi iliyojengwa na majarida ya vichekesho ya Ulaya kati ya Vita vya Kwanza na Vita vya Pili vya Dunia, na namna sehemu za taswira hiyo zilivyopata wabebaji wapya Afrika Mashariki na katika Maziwa Makuu. Alama tatu zinafuatiliwa, yaani tumbo, mdudu na njama. Kipimo kinachotumika ni dhana ya utani, ambayo humruhusu mtu kumdhihaki mwenzake kwa sharti kwamba mwenzake naye ana haki ya kujibu. Mifano imetolewa Ujerumani, Austria, Kenya, Tanzania, Rwanda na Uganda, hususan Kasese na mpaka wa Bwera. Makala yanabainisha kwamba taswira hiyo haikufungwa kwa Wayahudi peke yao, bali iliweza kuvishwa kundi lolote dogo lililosimama kati ya mtawala na raia wa kawaida. Kwa hiyo, sera ya kudhibiti lugha ya chuki inayotegemea orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku haitoshi. Kinachohitajika ni uwezo wa kutambua muundo wa picha, hata pale maneno yake yanapobadilika.

1. Utangulizi

Mwaka 1946, Mahakama ya Kimataifa ya Kijeshi iliyoketi Nuremberg ilimhukumu kifo mtu ambaye hakuongoza jeshi wala kusimamia kambi ya mauaji. Julius Streicher alikuwa mwanasiasa wa chama cha Nazi, lakini kilichomtia hatiani ni gazeti lake la kila wiki, Der Stürmer, lililokuwa maarufu kwa katuni zake. Alinyongwa tarehe 16 Oktoba mwaka huo. Miaka 57 baadaye, Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyoketi Arusha ilimtia hatiani Hassan Ngeze, mhariri wa jarida la Kangura, pamoja na waasisi wawili wa redio ya RTLM. Katika kupima wajibu wa mwandishi wa habari, majaji wa Arusha walirejea hukumu ya Streicher.

Kukutana kwa kesi hizi mbili kunazua swali la kihistoria na la kiisimu. Picha iliyochorwa ili kuchekesha wasomaji wa miji ya Ulaya baada ya vita vya 1914–1918 ina uhusiano gani na maneno yanayotumika leo katika eneo linalozungumza Kiswahili? Jibu rahisi lingekuwa kwamba chuki ni ileile kila mahali. Jibu hilo halimsaidii mtafiti, na humsaidia hata kidogo zaidi mshauri wa sera, kwa sababu halielezi ni sehemu gani ya picha huhama, kwa njia ipi, na kwa nini wacheshi hupewa ruhusa ambayo wahubiri wa chuki hunyimwa.

Makala haya hayadai kwamba kila tusi la Kiswahili dhidi ya mfanyabiashara mgeni lina asili ya Kijerumani. Kufanana si uzao. Yapo mahali ambapo njia ya taswira inaonekana wazi, na yapo mahali ambapo udongo wa nyumbani uliotesha mmea unaofanana na ule wa ugenini. Tofauti hiyo inazingatiwa katika sehemu zote zinazofuata.

2. Utani na dhihaka: msingi wa uchambuzi

Katika miaka ileile ambayo katuni za Der Stürmer zilikuwa zikibandikwa mitaani, R. E. Moreau alikuwa akikusanya habari za utani katika Tanganyika. Makala yake yalichapishwa katika Tanganyika Notes and Records miaka ya 1940. Utani alioueleza ulikuwa taasisi yenye kanuni. Mtani anaweza kumtukana mwenzake hadharani, kumnyang'anya kitu chake, hata kuvuruga msiba kwa mizaha, na asichukuliwe hatua. Ruhusa hiyo ina masharti mawili. Sharti la kwanza ni kujibizana: anayetania leo hutaniwa kesho, naye hana haki ya kununa. Sharti la pili ni wajibu: mtani huyohuyo anayemcheka marehemu ndiye anayetarajiwa kushiriki kumwosha, kumchimbia kaburi na kumzika. Jamii nyingi zilizofungamana kwa utani zilikuwa zimepigana zamani. Utani ulikuwa njia ya kuhifadhi kumbukumbu ya uadui bila kuuendeleza.

Dhihaka ya jarida la vichekesho inafanana na utani kwa sura, kwa maana nayo hutia chumvi, hugusa mwili na hucheka jina la ukoo. Lakini jarida likimchora mtu asiye na jarida, asiye na kura, au asiye na mlinzi mahakamani, sharti la kujibizana limeondoka. Likimchora kama mdudu, sharti la kuzikana limeondoka pia, kwa kuwa hakuna amzikaye kunguni. Kipimo cha utani kinamwezesha mchambuzi kuuliza maswali mawili yanayojibika: je, mtaniwa anaweza kujibu mahali palepale alipotaniwa? Na je, picha inamwacha akiwa mtu ambaye mchoraji ana wajibu kwake?

3. Majarida ya vichekesho kati ya vita viwili

Jarida la vichekesho la kila wiki lilikuwa chombo cha tabaka la kati la miji ya Ulaya tangu karne ya 19. Punch lilianzishwa London mwaka 1841, Kladderadatsch Berlin mwaka 1848, Kikeriki Vienna mwaka 1861 na Simplicissimus Munich mwaka 1896. Haikuwa aina ya maandishi iliyozaliwa na chuki dhidi ya Wayahudi. Kladderadatsch lenyewe liliasisiwa na David Kalisch, mtunzi wa nasaba ya Kiyahudi. Mmoja wa waanzilishi na wachoraji wakuu wa Simplicissimus, Thomas Theodor Heine, naye alikuwa wa nasaba hiyo. Mjini Budapest, jarida la Borsszem Jankó lilihaririwa kwa miongo mingi na Adolf Ágai, Myahudi aliyewacheka Wayahudi wenzake na majirani zao kwa kipimo kilekile. Katika mazingira hayo vichekesho juu ya Wayahudi vilikuwapo, vingine vikali, lakini aliyechekwa alikuwa na kalamu mkononi.

Vita vya Kwanza na matokeo yake vilibadilisha hali hiyo. Ujerumani ilishindwa, na mfumuko wa bei wa mwaka 1923 ukateketeza akiba za watu waliokuwa wasomaji wakuu wa majarida haya. Wayahudi hawakufikia hata asilimia 1 ya wakazi wa Ujerumani, na wengi wao walikuwa wauza duka, makarani, madaktari na mafundi walioumizwa na mfumuko uleule. Hata hivyo, msomaji aliyepoteza akiba alihitaji sura ya kuilaumu, na wachoraji walikuwa nayo tayari. Kladderadatsch liliegemea mrengo wa kulia na hatimaye likamuunga mkono Hitler. Kikeriki la Vienna liliifanya dhihaka dhidi ya Wayahudi kuwa chakula chake cha kila wiki hadi lilipofungwa mwaka 1933. Chama cha Nazi kilianzisha jarida lake la vichekesho, Die Brennessel, mwaka 1931. Der Stürmer, lililoanzishwa Nuremberg mwaka 1923, halikuwa jarida la vichekesho kwa maana kamili. Lakini kuanzia 1925 ukurasa wake wa kwanza ulitegemea katuni za Philipp Rupprecht, aliyetia saini Fips, nazo zilitumia mbinu zote za majarida hayo.

Ukizipanga picha za kipindi hicho, alama tatu hujirudia.

Alama ya kwanza ni tumbo. Myahudi huchorwa mnene, amevaa kofia ndefu, ana sigara kubwa mdomoni na ameketi juu ya mfuko wa fedha, huku mkulima au mwanajeshi mlemavu akikonda pembeni. Picha hii hugeuza uhusiano wa kiuchumi kuwa umbo la mwili. Mtazamaji haambiwi nani alitunga sera ya fedha wala nani alinufaika na madeni ya vita. Huoneshwa tumbo, na tumbo humtosheleza.

Alama ya pili ni mdudu, pamoja na jamaa zake: buibui, chawa, nyoka, uyoga wenye sumu. Mwaka 1938 shirika la uchapishaji la Der Stürmer lilitoa kitabu cha watoto, Der Giftpilz, kilichochorwa na Fips, kinachowafananisha Wayahudi na uyoga wa sumu ulio vigumu kuutofautisha na ule unaolika. Mtu mwovu anaweza kuhukumiwa, kusamehewa au kubadilika. Mdudu hana mlango wa toba, na kumwangamiza huhesabiwa kuwa usafi.

Alama ya tatu ni njama. Pweza au buibui hukumbatia dunia. Mkono usioonekana huvuta kamba za wanasesere. Alama hii ilishibishwa na waraka wa kughushi uitwao Itifaki za Wazee wa Sayuni, uliochapishwa Urusi mwaka 1903. Mwaka 1921 Philip Graves alionesha katika gazeti la The Times la London kwamba sehemu kubwa za waraka huo ziliibwa kutoka kitabu cha Maurice Joly cha mwaka 1864. Kitabu hicho kilikuwa tashtiti dhidi ya Napoleon III na hakikuwahusu Wayahudi. Kwa hiyo, waraka uliotumika kuhalalisha chuki kubwa kuliko zote za karne ya 20 ulishonwa kutoka vipande vya maandishi ya kejeli, vikavuliwa kejeli yake na kuvishwa nguo za ushahidi. Ufichuzi wa Graves haukuuzuia kusambaa.

Kilichotokea mwaka 1933 kinathibitisha umuhimu wa sharti la kujibizana. Miongoni mwa hatua za mwanzo za watawala wapya ilikuwa kuwaondoa wale walioweza kujibu. Heine alilazimika kuikimbia Munich, na Simplicissimus likasalimu amri. Tangu hapo wachoraji walicheka peke yao. Der Stürmer lilibandikwa katika masanduku maalumu ya vioo kwenye vituo vya mabasi na njia za shule ili hata asiyelinunua alione, na kufikia katikati ya miaka ya 1930 nakala zake zilihesabiwa kwa mamia ya maelfu.

4. Taswira yavuka bahari: 1903–1939

Taswira ya Myahudi ilifika Afrika Mashariki kabla ya Wayahudi wengi kufika. Agosti 1903, baada ya mauaji ya Wayahudi mjini Kishinev, kongamano la Wazayuni huko Basel liliarifiwa kwamba serikali ya Uingereza, kupitia Joseph Chamberlain, ilikuwa tayari kuwapa Wayahudi eneo la kuishi. Mpango huo hujulikana kwa jina la Uganda, ingawa ardhi iliyokusudiwa, nyanda za juu za Uasin Gishu, ilikuwa imehamishiwa himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902 na leo iko Kenya. Walowezi wachache wa Kizungu waliokuwa Nairobi, wakiongozwa na Lord Delamere, walipinga kwa mikutano, simu na magazeti. Baadhi yao waliliunganisha neno la Kiingereza la Myahudi na jina la Uganda wakapata jina la dhihaka lililozunguka magazetini. Hoja yao ilibeba picha iliyokamilika ya mgeni maskini, mchafu na mjanja, juu ya watu ambao hawakuwa wamewahi kukanyaga nyanda hizo. Wenyeji wa ardhi yenyewe hawakuulizwa na upande wowote. Kongamano la mwaka 1905 liliukataa mpango, lakini msamiati ulibaki.

Ulibaki ukisubiri mbebaji mwingine. Kati ya 1919 na 1923, walowezi wa Kenya walipokuwa wakipigania kuwazuia Wahindi kupata haki sawa za ardhi na kura, tume ya uchumi ya himaya hiyo iliwaeleza Wahindi katika ripoti yake ya 1919 kuwa wachafu na waharibifu wa maadili ya Waafrika. Katika mazungumzo ya Wazungu wa makoloni, Mhindi aliitwa Myahudi wa Afrika Mashariki kana kwamba ni kauli isiyohitaji maelezo. Mbinu hiyo haikuwa ya Nairobi peke yake. Mwaka 1914 Mfalme Vajiravudh wa Siam alichapisha maandishi yaliyowaita wafanyabiashara wa Kichina Wayahudi wa Mashariki. Kundi dogo lenye maduka, lililowekwa na historia kati ya dola na mkulima, lilipewa jina moja katika mabara tofauti.

Waafrika walikuwa na malalamiko yao dhidi ya wenye maduka, na malalamiko hayo hayakuazimwa kwa mtu. Gazeti la Kiswahili la Kwetu, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1937 na Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda, liliwatetea wafanyabiashara wa Kiafrika waliobanwa na maduka ya Wahindi. Ugumu wao ulikuwa na sababu zinazoweza kutajwa kwa majina. Sheria za kikoloni Tanganyika zilizuia Mwafrika kukopeshwa bidhaa kama wafanyabiashara wengine, na nchini Uganda utaratibu wa kanda za pamba wa mwaka 1933 ulimfunga mkulima kwa wenye vinu wa eneo lake, Wahindi na Waingereza. Hapa ndipo taswira inapofanya kazi yake. Lalamiko likielekezwa kwenye sheria ya mikopo, lina mlango wa kutokea, kwa kuwa sheria hubadilishwa. Likielekezwa kwenye mwili wa muuza duka, sheria hubaki salama na mtunga sheria husahaulika.

Kiswahili kilikuwa na picha zake pia. Katika miaka hiyohiyo uvumi wa mumiani, watu wanaodaiwa kuwakamata wengine na kuwanyonya damu kwa ajili ya dawa, ulienea pwani na bara. Watafiti kama Luise White (2000) na James Brennan (2006) wameonesha jinsi hofu ya kunyonywa damu ilivyoungana baadaye na lugha ya siasa ya unyonyaji. Huu ndio udongo wa nyumbani uliotajwa katika utangulizi. Mdudu anyonyaye damu hakuhitaji kuletwa kwa meli.

5. Tumbo linalobadilisha mwenyewe: Uganda, 1945–1979

Ghasia za Buganda za 1945 na 1949 zilikuwa na madai mahususi, yakiwamo haki ya wakulima kuchambua na kuuza pamba yao. Mgomo wa mwaka 1959 dhidi ya maduka ya Waasia, ulioitishwa na Uganda National Movement chini ya Augustine Kamya, ulipunguza umbali kati ya lalamiko na mwili, kwa maana mlengwa sasa alikuwa mwenye duka kama kundi. Nchini Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la 1967, katuni za magazeti na hotuba ziliwapa wasomaji msamiati wa kupe na mirija. Kwa nadharia, kupe alikuwa tabaka, wala hakuwa kabila. Lakini mchoraji hawezi kuchora tabaka bila kulipa pua na nguo, na mara nyingi kupe alipewa sura ya Mhindi. Mwalimu Nyerere aliiona hatari hiyo mapema. Februari mwaka huohuo aliandika makala akisisitiza kwamba ujamaa na ubaguzi wa rangi haviwezi kukaa pamoja.

Uganda haikupata onyo kama hilo kutoka juu. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, wakapewa siku 90. Aliwafananisha na mtu anayemkamua ng'ombe bila kumlisha. Wiki chache baadaye, Septemba 1972, alimpelekea Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, simu ya maandishi iliyosifu mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Hitler. Matukio haya mawili husimuliwa mbalimbali, la kwanza kama historia ya uchumi na la pili kama kioja cha dikteta. Yanapowekwa pamoja, yanaonesha kwamba katika msimu mmoja sauti ileile ilimtaja mfanyabiashara Mwasia na Myahudi kwa mantiki moja ya taifa linalojitakasa. Walioumia hawakuwa Waasia tu. Waabayudaya wa Mbale, jamii ya Waganda iliyofuata dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu alipoikubali mwaka 1919, walipigwa marufuku kuabudu na masinagogi yao yakafungwa.

Kinachovutia zaidi kwa mwanaisimu ni kilichofuata. Maduka yaligawiwa askari na wapambe wa serikali. Bidhaa ziliadimika, magendo yakawa njia ya maisha, na Kiswahili cha Uganda kikazalisha neno mafutamingi, jina la tajiri mpya aliyerithi duka la Mwasia. Sarufi yake, iliyoacha upatanisho wa mafuta mengi, inaonesha kwamba neno lilitoka mitaani na kambini, wala si shuleni. Maana yake inaonesha jambo kubwa zaidi. Mwasia alikuwa ameondoka, lakini tumbo halikuondoka naye. Lilipata mwenyewe mwingine, safari hii Mwafrika, jirani, pengine ndugu. Kama mwili wa Mwasia ndio uliokuwa chanzo cha uhaba, uhaba ungeisha mwaka 1973. Neno mafutamingi ni ushahidi, uliotolewa na wasemaji wenyewe, kwamba kilichokuwa kikielezwa ni nafasi katika mfumo wa biashara, wala si damu ya mtu.

Kasese ni mahali pazuri pa kuliangalia neno hilo. Mji huo ulikua kutokana na reli iliyofika mwaka 1956 na mgodi wa shaba wa Kilembe. Migodini na relini watu wa makabila mengi walihitaji lugha moja, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Bwera, kwenye mpaka wa Kongo, ilihitaji lugha hiyo kwa biashara ya kuvuka Mpondwe. Bei ya kahawa ilipopanda duniani katikati ya miaka ya 1970, kahawa ya miteremko ya Rwenzori ilivushwa kwa magendo kwenda Zaire. Katika mazingira hayo mafutamingi lilikuwa neno la kejeli kutoka chini kwenda juu, kwani mchimba madini na mkulima walimcheka aliyewazidi nguvu. Kwa kipimo cha utani, kejeli hiyo haikumnyima mlengwa sauti, maana alikuwa na duka, bunduki na serikali.

Eneo hilohilo linajua pia dhihaka inayoshuka. Miongoni mwa malalamiko ya Wakonzo na Waamba dhidi ya utawala wa Toro, yaliyofikia kilele kwa kutangazwa kwa Rwenzururu chini ya Isaya Mukirane mwaka 1962, ilikuwa kudharauliwa kwa lugha yao na kuitwa kwa majina ya wanyama. Ardhi, kodi na vyeo vilikuwa madai makuu, lakini wazee hawakuyasahau majina. Mgogoro huo ulidumu miongo miwili hadi makubaliano ya 1982. Mshauri wa sera anayehesabu matusi kama jambo dogo kando ya ardhi na kodi huenda akajiuliza kwa nini kumbukumbu ya wahusika iliyaweka katika orodha moja.

6. Waraka wa njama kwenye mpaka wa Bwera

Alama ya tatu, njama, ndiyo iliyo hai zaidi leo katika ukanda huu. Jarida la Kangura lilichapishwa Rwanda kuanzia 1990, kwa Kinyarwanda na Kifaransa, likichanganya makala na katuni za kejeli zilizomdhihaki Mtutsi na kila Mhutu aliyetaka maridhiano. Neno lake kuu, inyenzi, lina maana ya mende. Novemba 1990, mwezi mmoja kabla ya kutangaza zile zilizoitwa amri kumi za Wahutu, Kangura lilichapisha waraka wa kughushi uliodaiwa kuandikwa mwaka 1962, ukieleza mpango wa Watutsi wa kuitawala Kivu na eneo lote la kati ya Afrika. Muundo wake ni ule wa Itifaki: adui anadaiwa kuandika siri yake mwenyewe, kwa mpangilio, kana kwamba alitaka isomwe.

Tofauti na Itifaki, waraka huu haukuhitaji kuvuka bahari. Kutoka Kivu ya Kaskazini hadi Bwera ni mwendo wa lori. Wakonzo wa upande wa Uganda na Wanande wa upande wa Kongo ni ndugu wa lugha, na Kiswahili huwaunganisha na wengine wote sokoni. Madai ya himaya ya siri ya Wahima na Watutsi yameendelea kuzunguka upande wa Kongo kwa zaidi ya miaka 30, mara nyingi yakiambatana na mizaha kuhusu pua na urefu wa mtu. Mizaha hiyo huwalenga wafugaji na wachuuzi ambao hawana mkono katika uamuzi wa serikali yoyote. Ni kweli kwamba majeshi ya nchi jirani yameingia Kongo na raia wameumia. Hilo ni lalamiko lenye wahusika, tarehe na mahakama za kulisikiliza. Waraka wa njama hulichukua lalamiko hilo na kulihamishia kwenye pua ya jirani, kama vile katuni za 1923 zilivyohamishia mfumuko wa bei kwenye tumbo la muuza duka.

7. Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyoelezwa inaonesha taswira moja ikibadilisha wabebaji bila kubadilisha viungo vyake. Tumbo lilitoka kwa Myahudi wa Berlin likaonekana kwa Mhindi wa Kampala, kisha kwa mafutamingi. Mdudu alikuwa chawa, kupe, kisha mende. Njama ilikuwa ya wazee wa Sayuni, kisha ya himaya ya Wahima. Mahali pengine kiungo kiliazimwa wazi, kama katika kauli za walowezi na simu ya Amin. Mahali pengine kiliota chenyewe. Katika hali zote, dhihaka ilimwondolea msemaji mzigo wa uthibitisho, kwa sababu anayedai ushahidi wa kichekesho huonekana hana ucheshi.

Sheria zina nafasi yake. Uganda iliingiza katika Kanuni za Adhabu kosa la kuchochea mgawanyiko wa kimakundi mwaka 1988, Kenya ilipitisha sheria ya utangamano wa kitaifa mwaka 2008, na Uganda iliongeza katazo la lugha ya chuki mtandaoni mwaka 2022. Udhaifu wa sheria za namna hii ni wa pande mbili. Orodha ya maneno hupitwa na msemaji anayebadili neno na kubakiza picha. Pia sheria pana inaweza kumnasa mchoraji anayemkejeli mtawala, yaani yule ambaye jamii inamhitaji zaidi. Hata kejeli kwa mtawala inahitaji kupimwa. Miaka ya 1970, Alan Coren aliandika katika jarida la Punch taarifa za kubuni za Idi Amin kwa Kiingereza kilichovunjwavunjwa, na wasomaji wa London wakacheka. Mauaji ya Amin yalikuwa yake, lakini lafudhi iliyochekwa ilikuwa ya mamilioni ya watu, wakiwamo waliouawa naye.

Mapendekezo matatu yanatokana na uchambuzi huu. Kwanza, vyombo vya habari na mabaraza ya habari ya ukanda huu vitumie vigezo vya muundo badala ya orodha ya maneno. Mhariri anayepokea katuni aulize kama mlengwa amechorwa kwa tendo lake au kwa mwili wa kundi lake, kama amebaki binadamu, na kama ana nafasi ya kujibu katika chombo hichohicho. Pili, Kiswahili kinapoingizwa katika shule za Uganda kufuatia uamuzi wa Baraza la Mawaziri wa mwaka 2022, utani ufundishwe kama taasisi yenye masharti yake, ukilinganishwa na dhihaka ya upande mmoja. Wilaya kama Kasese, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi tangu enzi za mgodi, zina wazee wanaoweza kuyaeleza hayo kwa mifano ya kwao. Tatu, vyuo vikuu vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2022, vikusanye hazina ya katuni na mizaha ya magazeti ya Kiswahili tangu miaka ya 1930. Bila hazina hiyo, kila kizazi kitaiona picha ya zamani kama ubunifu mpya.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Hawakukataza mzaha; waliujua utani na kuutumia hata makaburini. Walichoonya ni kuacha kidonda kikifunikwa na kicheko hadi kioze. Kidonda kilichofunikwa mwaka 1923 kilikuwa mfumuko wa bei. Mwaka 1937 kilikuwa sheria ya mikopo. Leo, kwenye barabara ya kutoka Bwera kwenda Kasindi, ni vita ambavyo raia wa pande zote mbili wamevilipia. Vidonda hivyo vinatibika pale tu vinapotajwa kwa majina yake.